Kitanda cha Spana 13

Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi 100 za mraba. Kitanda cha 4 kwa 6 kinakula 24, karibu robo ya nyumba. Kochi la watu watatu linakula 18 au 20. Ukiongeza stendi ya runinga, kabati la nguo, meko ya gesi na mitungi minne ya maji, kinachobaki ni njia ya mtu mmoja kupita kiubavu, na mlango usiofunguka hadi mwisho. Hivyo ndivyo wanavyoishi watu wengi sana katika mitaa ya Nairobi kama Pipeline, Kayole, Zimmerman, Kawangware na Githurai. Sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu zaidi ya milioni 4.3, na wastani wa watu 2.9 kwa kila kaya. Sasa wachukue hao watu watatu uwaweke katika futi zilizobaki, mmoja wao awe mtoto wa darasa la nne mwenye hesabu za kumaliza, na saa iwe moja jioni, sufuria iko motoni.

Mimi ni fundi wa mbao. Karakana yangu iko Kariobangi, upande wa Light Industries, na kwa miaka sasa kazi yangu kubwa imekuwa kuchora na kutengeneza fanicha za nyumba za aina hii: vitanda, benchi, meza na makabati ya kazi zaidi ya moja, yanayofunguliwa vipande vipande na kulazwa bapa. Naipenda kazi hii, na katika kuifanya nimefikia msimamo ambao sioni ukisemwa vya kutosha. Fanicha ya chumba cha kupanga Nairobi ibuniwe kwanza kwa ajili ya siku ya kuhama. Kukunjika, kuficha vitu, kupendeza machoni, yote hayo yaje baadaye.

Mwenye nyumba yake anaweza kununua kabati akaliegemeza ukutani akalisahau. Mpangaji hana raha hiyo. Kodi ikipanda anahama. Maji yakikatika wiki baada ya wiki anahama. Kazi ikisogea Mombasa Road, mtoto akizaliwa, ndugu akija mjini kusoma, anahama. Pita mtaani mwisho wa mwezi uone pikapu na mikokoteni: godoro juu, sufuria ndani ya beseni, na kabati limefungwa kamba likiwa tayari limepoteza mlango mmoja.

Juzi niliitwa Pipeline. Nilikuta kabati la milango mitatu limekwama kwenye kona ya ngazi, kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Mwenyewe ni dada anayeuza mitumba. Vijana wawili aliowalipa wambebee walikuwa wamekaa kwenye ngazi, mmoja upande wa juu wa kabati na mmoja upande wa chini, na wapangaji wengine wenye mitungi ya maji wanasubiri njia. Kabati lilikuwa la saipresi, limeungwa kwa gundi na misumari, kazi safi ya fundi anayejua kazi yake. Shida ilikuwa ngazi. Kutoka ukutani hadi kwenye chuma cha kushikia hapakutimia futi 3, na kona yenyewe inakugeuza ukatazama ulikotoka. Kabati la urefu wa futi 6 na nusu na kina cha futi 2 halipiti pale hata uliinue vipi. "Fundi, nakuomba, usilikate," dada aliniambia kabla sijasema lolote, maana alikwisha kuuona msumeno begani mwangu. Tukalirudisha chini. Lilikaa uani chini ya turubai siku kadhaa, halafu akaliuza kwa bei ya kutupa.

Jengo lile halina lifti, na yako mengi kama hilo. Ndiyo maana kila mchoro wangu unaanzia kwenye ngazi: hakuna kipande kirefu kupita futi 6 na inchi 3, hakuna kipana kupita futi 2, na hakuna kizito kupita kilo 20. Mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, aweze kukitia begani akapanda nacho ghorofa tano bila kumwita mtu.

Fanicha ya kufunguliwa na kulazwa bapa ina historia ndefu. Michael Thonet, Mjerumani aliyefanyia kazi Vienna, alitoa mwaka 1859 kiti chake namba 14: vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa mbali. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1956, Gillis Lundgren wa kampuni ya fanicha ya IKEA kule Uswidi aliing'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari, na kampuni ikajenga biashara yake juu ya wazo hilo la mteja kujiunganishia nyumbani.

Lakini tazama ni safari ipi iliyokuwa ikifikiriwa hapo: kutoka kiwandani hadi kwa mnunuzi. Safari moja. Fanicha ikishaunganishwa, hesabu ya kiwanda imeisha. Ya mpangaji wa Kayole ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu yeye atakifungua kitanda hicho na kukiunga tena mara nyingi kabla hakijachakaa, na hakuna kiwanda kinachomlipia pikapu. Kati ya hao wawili naona Thonet ndiye aliye karibu zaidi nasi. Kiti chake kinashikwa na skrubu na nati. Kikilegea unakikaza, ukitaka kukifungua unakifungua.

Na sisi watu wa pwani tunayo ya kwetu ya zamani. Marfaa ya kuwekea msahafu huchongwa kutoka ubao mmoja mzima: fundi anaupasua kwa kuufuata unene wake, kutoka juu na kutoka chini, na pale katikati anachonga bawaba humo humo ndani ya mbao, vidole vinavyopishana bila msumari wala gundi. Ukiifungua inasimama imara; ukiifunga unabaki na ubao wa kutia kwapani. Mbuzi ya kukunia nazi ni kiti na ni chombo cha jikoni, na kazi ikiisha inakunjwa na kuegemezwa nyuma ya mlango. Kitanda cha kamba nacho ni matendegu manne, yaani miguu, yenye matundu, mifumbati, zile mbao za ubavuni, inayoingia humo, na kamba iliyovutwa kwa nguvu ambayo ndiyo inayovikaza vyote. Kamba ikilegea huivuta tena. Nimelala juu ya vitanda hivyo utotoni, na nikichora leo ndivyo ninavyovirudia akilini kabla ya kutazama picha yoyote ya Ulaya.

Kwenye kiungo ndipo penye kazi yote.

Makabati mengi ya kuunganisha yanayouzwa madukani mjini ni ya chipubodi, na viungo vyake ni kamu loki: pini inaingizwa kwenye ubao mmoja, kichwa chake kinaingia kwenye ubao wa pili, na kisahani cha chuma kinazungushwa kwa bisibisi kikaivuta pini hadi mbao zibanane. Siku ya kwanza kinakaza vizuri sana. Lakini chipubodi ni chembe za mbao zilizoshikwa na gundi, haina nyuzi ndefu za kuing'ata pini. Ukifungua na kufunga mara mbili tatu, tundu linamomonyoka na pini inacheza. Unyevu ukiingia, na katika chumba kinachopikiwa na kufuliwa lazima uingie, ubao unavimba ukingoni na haurudi tena. Watu hujaza tundu kwa njiti za kiberiti na gundi. Inasaidia mpaka safari ijayo.

Kwa hiyo mimi nina sharti: kiungo chochote kitakachofunguliwa, chuma kikutane na chuma. Bolti na nati. Mbao kazi yake ni kubeba na kubanwa, isiwe yenyewe ndiyo yenye kushika meno ya skrubu. Na bolti zote za kitanda ziwe za saizi moja, milimita 8, ile ambayo kichwa chake kinaingia spana namba 13. Nimeichagua hiyo makusudi. Hakuna bodaboda asiyekuwa na spana 13 chini ya kiti chake, hakuna gereji isiyokuwa nayo, na bolti yenyewe ukiipoteza njiani utaipata duka lolote la hadwea mtaani au katika maduka ya vipuri kule Kirinyaga Road. Pini ya kamu loki iliyotoka nje ya nchi ikipotea, kabati zima limeshakuwa kilema.

Kitanda chenyewe kinaungwa hivi. Tendegu ni mbao ya inchi 3 kwa 3. Mfumbati ni inchi 6 kwa 2. Kwenye mwisho wa mfumbati natoboa kwa keekee tundu la milimita 9 linaloingia ndani kwa kufuata urefu wa mbao, zaidi kidogo ya inchi 3. Halafu upande wa ndani wa mfumbati, ule usioonekana na mtu, inchi 2 na nusu kutoka mwisho, natoboa tundu la pili la upana wa inchi moja likutane na lile la kwanza. Humo ndimo inamokaa nati na washa yake, kile kisahani bapa cha chuma. Bolti ya inchi 6 inapita kwenye tendegu, inaingia kwenye mfumbati, inaidaka nati. Zile inchi 2 na nusu sizipunguzi hata mteja akitaka kiungo kidogo cha kupendeza. Ukisogea karibu na mwisho, siku utakayokaza kwa nguvu mbao itapasuka kwa kufuata nyuzi zake, na mfumbati uliopasuka hapo hauna dawa.

Nilipoanza kuviunga vitanda kwa namna hii, nilikwenda kumwonyesha mzee mmoja wa Gikomba ambaye mafundi wote wa pale tunamwita Guka, yaani babu. Alikikalia, akajitikisa kushoto na kulia, akasikiliza.

"Kijana wangu, hiki kitalia," akasema.

"Nimekikaza mpaka mwisho, Guka."

"Leo, ndiyo. Mbao ikikauka itanywea, bolti itabaki pale pale. Kitalia. Na kwenye ploti, kitanda kikilia jirani anasikia."

Akaniambia mambo mawili ambayo nayafuata hadi leo. La kwanza, mfumbati uwe na ulimi mfupi, nusu inchi tu, unaoingia kwenye tendegu, ili uzito wa mtu ubebwe na mbao juu ya mbao, na bolti iwe na kazi ya kuvuta peke yake. La pili, kati ya tendegu na bega la mfumbati, pale ulimi unapoanzia, uweke kipande cha mpira wa tyubu ya gari. Mbao ikinywea, mpira unajaza nafasi. Tyubu kuukuu zinauzwa vipande mtaani kwa bei ndogo, na kitanda hakitoi sauti. Naamini hakuna kitabu cha ubunifu ambacho kingenipa jibu zuri na rahisi kuliko hilo.

Alama za kuunganishia nazichoma kwa msumari wa moto: tendegu lenye nukta moja linapokea mfumbati wenye nukta moja, mbili kwa mbili, mpaka nne. Hakuna karatasi ya maelezo ya kupotea. Chaga, zile mbao za kulalia godoro, sipigilii misumari. Nazifunga kwa mikanda miwili ya turubai ili zikunjwe pamoja kama jamvi na kubebwa kwa mkono mmoja.

Sasa, habari ya kazi zaidi ya moja. Mteja akija, simuulizi kwanza chumba kina ukubwa gani. Namuuliza: saa moja jioni nani yuko wapi, na anafanya nini? Hapo ndipo nyumba inapobanana. Usiku wa manane wote wamelala, kitanda ni kitanda tu. Saa moja jioni kuna anayepika, kuna anayeandika, kuna aliyetoka kazini anataka kukaa, na wakati mwingine kuna mgeni.

Fanicha nyingi za kukunja zinazovutia kwenye video zinashindwa na saa hiyo. Meza inayoteremka kutoka kwenye mlango wa kabati, kwa mfano. Ili uiteremshe uondoe kilichoko chini yake. Ili uipandishe uondoe kilichoko juu yake. Vitabu, chaja, kikombe, dawa ya mtoto: vipelekwe wapi? Chumba hakina mahali pengine. Baada ya mwezi meza imebaki imeteremka, na nusu ya matumizi aliyoyalipia mteja imekufa. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky alipobuni jiko la nyumba za wafanyakazi wa Frankfurt, Ujerumani, katika nafasi ya takriban mita 1.9 kwa 3.4, alianzia kwenye mwendo wa mpishi, hatua zake na mikono yake. Nami nina kipimo cha namna hiyo: kugeuza matumizi kusihitaji zaidi ya vitendo viwili, na kusihitaji kuhamisha kitu kisichokuwa na mahali pake.

Ndiyo maana napenda vitu visivyo na bawaba hata moja. Kuna sanduku ninalolitengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, lenye inchi 12 kwa 17 kwa 21, upande mmoja wazi. Ukililaza linakuwa na kimo cha inchi 12, kiti cha mtoto. Ukiligeuza ni inchi 17, kiti cha mtu mzima. Ukilisimamisha ni inchi 21. Masanduku mawili yaliyosimama na ubao juu yake ni meza. Mtoto akikaa kwenye la tatu lililolazwa, ubao unamfika kwenye viwiko, anaandika bila kukunja mgongo juu ya meza ya kahawa. Mgeni akija, sanduku linageuzwa. Vitabu vimo ndani ya yale yaliyosimama, havikuhamishwa. Kitendo ni kimoja, kugeuza, na hata mtoto anaweza.

Jambo jingine ambalo michoro ya kigeni hailijui ni maji. Nairobi maji huja kwa zamu, na kila nyumba ina mitungi ya lita 20. Minne ikijaa ni zaidi ya kilo 80 zilizokaa katikati ya njia. Ukiitia ndani ya kabati la kawaida, sakafu ya kabati inapinda kisha inaoza. Kwa hiyo benchi yangu ya mitungi haina sakafu. Ni kifuniko: mbavu mbili, mgongo, na kikalio cha inchi 18 kutoka chini, mbele wazi na pazia. Mitungi inakaa kwenye sakafu ya nyumba yenyewe, unaivuta kwa mkono unapoitaka, ukimwaga maji unapiga deki chini yake. Juu wanakaa watu wawili. Mbavu zake zinafungwa kwa bolti zile zile za spana 13. Katika vyote ninavyotengeneza, hii ndiyo wateja wanayoirudia kwa ajili ya dada zao na mama zao.

Wapo wanaoniomba kitanda cha kupandisha ukutani, kile ambacho William Murphy alikipatia umaarufu San Francisco mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kifaa kizuri mno katika nyumba yako mwenyewe. Katika chumba cha kupanga sikitengenezi. Kinataka kufungwa ukutani kwa bolti za nguvu, na keyateka, yule msimamizi wa jengo, akisikia keekee inalia ukutani, ile deposit usiihesabu tena. Kisipofungwa, ni hatari ya wazi. Mwaka 2016 IKEA iliwaita wateja wa Marekani warudishe makabati ya droo yapatayo milioni 29 au wayafunge ukutani, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Yale yalikuwa makabati ya droo tu, sembuse kitanda kilichosimama na godoro. Kwa hiyo ninayoyatengeneza huwa mafupi na mapana chini, na kitu kizito kikae kwenye droo ya chini kabisa. Kabati refu kupita futi 5 nalifanya liwe na kina kisichopungua inchi 20, na naliunga kwa bolti ubavuni mwa kitanda. Kitanda ndicho kinachokuwa ukuta wake.

Kuhusu mbao nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayoniumiza kichwa kila nikienda kununua. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na ilikuwa Julai 2023 ndipo Rais Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hayo. Katika miaka hiyo saipresi ilipanda bei, na mafundi wengi tukageukia bodi za kiwandani. Bodi huja kwa kipimo cha futi 8 kwa 4. MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ya milimita 18 na ya ukubwa huo ina takriban kilo 40, mara mbili ya kipimo changu cha ngazi, kwa hiyo lazima ikatwe kabla ya kuondoka karakana. Mimi naitumia kwenye milango na migongo peke yake. Penye uzito natumia mbao halisi au plaiwudi, ambayo ni nyepesi kuliko MDF na inavumilia unyevu zaidi.

Hapa kuna hesabu ndogo ninayoipenda. Kitanda kikiwa cha uso wa plaiwudi badala ya chaga, ukiondoa futi zake 4 kwa 6 kwenye bodi ya 8 kwa 4, kinabaki kipande cha 4 kwa 2. Hicho ndicho ubao wa meza ya masanduku. Bodi moja, kitanda na meza, hakuna kinachotupwa. Ila msumeno nao unakula, milimita 3 kila mkato, kwa hiyo ule uso wa kitanda naupasua sehemu tatu kwanza ndipo napima fremu yake, nisije nikaahidi inchi ambazo zimekwisha kuwa unga. Na ubao wa meza ukae juu ya masanduku yasiyoachana sana. Ubao ukirefushwa mara mbili kwa unene ule ule, na mzigo ule ule kwa kila futi, unapinda mara 16. Watu hudhani ni mara mbili.

Kisha kuna kunguni. Sioni kwa nini tulionee haya jambo hili. Wamo katika majengo mazuri na mabaya, na wanasafiri ndani ya fanicha. Makazi yao ni nyufa: kiungo kisichobanana, tundu la skrubu lisilozibwa, nyuma ya plaiwudi iliyopigiliwa mgongoni mwa kabati. Kitanda cha gundi na misumari wakishaingia huwezi kuwafikia. Kitanda cha bolti unakifungua chote kwa spana, unatoa nje kila kipande, unamwagia viungo maji ya moto, unaanika juani, unaunga jioni. Jaribu kuimwagia chipubodi maji ya moto uone itakavyovimba. Nimekuwa na wateja waliotoka nyumba yenye kunguni na kuwaacha huko huko, kwa sababu kitanda kiliweza kuoshwa hadi ndani ya matundu kabla ya kupakiwa. Matundu ya nati nayaziba kwa kizibo cha mpira kinachotoka kwa kidole, na ndani nayapaka vanishi ili pasiwe na mbao mbichi ya kung'ang'ania.

Wateja wengi hawawezi kulipa vyote kwa pamoja, na fanicha ya bolti inawafaa hapo pia. Mtu huanza na kitanda. Miezi ikipita anarudi kuchukua benchi, halafu masanduku, halafu kabati la ubavuni. Matundu ya kupokelea kabati nayatoboa tangu siku ya kwanza, hata kama hajaliagiza. Mtoto akizaliwa naongeza kizuizi kwa matundu yale yale.

Kinachonishughulisha sasa ni godoro. Nataka kitanda ambacho mchana ni kochi, na mbao si tatizo: uso wa futi 6 umeshagawanywa sehemu tatu za futi 2, sehemu mbili zinateleza chini ya ile ya kwanza. Lakini godoro linauzwa zima, 4 kwa 6, na la inchi 6 la kulalia mtu mzima halikunjiki. Wengi hulikata katikati. Wakilikata hivyo, mkato unaangukia futi 3 kutoka kichwani, na kwa mtu wa kimo cha kawaida aliyelala na mto, hapo ni nyonga, mahali mwili unapokandamiza kuliko pote. Anaamka anaumwa na kiuno na analaumu kitanda. Ukilikata vipande vitatu, mikato inakuja futi 2 na futi 4: mmoja chini ya mgongo wa juu, mwingine chini ya mapaja karibu na magoti. Nyonga inalala katikati ya kipande kizima. Mchana kipande kimoja ni kikalio na viwili vinasimama kuwa mgongo.

Fundi cherehani wa Gikomba ananishonea foronya moja ndefu ya turubai laini yenye vyumba vitatu, zipu upande wa miguuni ili isimkwaruze mtu shingoni, na kati ya chumba na chumba ameacha nusu inchi ya kitambaa, kwa sababu povu la godoro linahitaji pa kupindia. Ile ya kwanza aliiachia robo inchi na vipande havikukaa wima. Alhamisi nitaichukua ya pili.